Mwasumini Uliolishwa Nyama

Ukame ulikuwa umekausha visima, nyasi na subira ya kila mnyama, na Simba naye akachagua mwaka huohuo kuoa. Mama mkwe akatoa sharti moja: binti yake havai kifuani kikuba cha maua ya kuomba. Asumini ichumwe mlangoni kwa bwana harusi, la sivyo hakuna ndoa.

Simba hakuwa na mwasumini. Sungura alikuwa nao, umesheheni maua. Simba akaung'oa akaupanda kwake, wala hakuaga. Kumbe! Mti ukapukutisha maua yote, usitoe tena hata tumba moja.

"Umeuroga," Simba akamwambia Sungura. "Vuli ikianza bila ua, nitakutafuna wewe."

Sungura akajitetea. "Bwana mkubwa, mti ukihamishwa hununa. Uuache, mizizi ishike."

"Porojo hizo!" akadakia Fisi, aliyejipachika uganga wa miti. "Mgeni ana njaa huyo. Afukiwe paja la mbuzi shinani kila asubuhi. Nitamlisha mwenyewe. Nyinyi kaeni mbali, anaona haya kula mbele za watu."

Simba akaafiki. Paja likawa linafukiwa asubuhi, jioni halipo. "Umekula lote," Fisi husema, huku akijichokonoa meno. Mti ukazidi kunyauka, Fisi akazidi kunenepa, na hakuna aliyeshangaa.

Sungura akaenda kuutazama mti wake. Udongo umefukuliwa, mizizi imekatikakatika. Roho ikamuuma, kisha akakasirika. Lakini mshtakiwa nani atamsadiki? Akamwendea Simba, akapiga magoti.

"Bwana mkubwa, Fisi kasema kweli. Ila mti una mafua. Paja lipakwe pilipili kichaa, upate joto. Tusimwambie mganga, atadhani tunamsahihisha."

"Haya, paka."

Sungura akapaka mpaka mfupani.

Jioni Fisi akaja, machozi yanamtiririka, midomo imevimba.

"Mti umekula?" Simba akauliza.

"Lote, mzee."

"Na wewe unalia nini?"

"Nau... nauhurumia." Akatumbukiza kichwa kizima mtungini, akayanywa maji yote ya harusi.

Simba akautazama mtungi, akautazama mti. "Mti ule pilipili, awashwe Fisi?"

Fisi akahukumiwa kuuchotea mti maji kutoka kisima pekee kilichosalia, kule mbali, na nyama asinuse hadi harusi ipite.

Sungura akapogoa matawi makavu, akafunika shina kwa nyasi, kisha akauacha. Kuuacha ndiko kulikokuwa kazi, maana Simba alitaka kufukua aone kama umeshika.

Mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, mwasumini ulichanua mweupe pe. Sungura alilia waziwazi, wala hakuona haya.

"Nilijua tu," Simba akasema, akaenda kuoa.

Bibi harusi akavishwa kikuba, pilau ikapakuliwa. Harufu yake ikamfikia Fisi kisimani, ndoo mkononi, tumbo tupu. Njia ya mwongo ni fupi.