Barua Zilizokwama Hirvasmäki

Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwahi kutuma barua pepe, lakini chawa waliwajua vizuri. Walijua kuwa mtu akiwashwa hutazama mbali kwanza: hulaumu mkeka wa mwenyeji, hutukana mbu wa jirani, na nguo yake mwenyewe huikung'uta mwisho, ngozi ikiwa imeshachubuka. Kijijini Hirvasmäki, katika misitu ya mashariki ya Ufini, methali hiyo ilipata shahidi mwenye masharubu, jina lake Veikko Hyttinen.

Veikko alikuwa fundi wa lifti mstaafu. Kwa maneno yake mwenyewe, nayo hayakukosa chumvi, aliwahi kuzuia lifti yenye watu wanane kwa bega moja huku akimalizia kahawa yake. Alipostaafu, mikono ilimwasha kwa kukosa kazi, akajifundisha kompyuta. Tangu hapo ndiye aliyekuwa mlinzi wa seva ya kijiji, kijisanduku cheusi kilichokaa kabatini katika ukumbi wa kijiji, bega kwa bega na masufuria ya kahawa. Barua pepe zote za Chama cha Kijiji zilipitia humo. Wengine hukodi huduma hiyo kwa makampuni. Watu wa Hirvasmäki walijifanyia wenyewe, kama walivyojichimbia mitaro na kujipasulia kuni.

Jumatatu moja ya mwezi wa Oktoba upepo uliangusha misonobari juu ya nyaya, umeme ukakatika usiku kucha. Uliporudi, seva iliamka na taa zake zikawaka kama kawaida. Lakini tangu siku hiyo hakuna barua iliyotoka wala iliyoingia.

Na wiki yenyewe haikuwa ya kuchezea. Manispaa ilikuwa ikipunguza vituo vya basi la maktaba, lile linalopeleka vitabu vijijini. Kijiji kilichotaka kubaki na kituo chake kilipaswa kuthibitisha kwa barua pepe kutoka anwani ya chama iliyosajiliwa, kabla ya saa tisa alasiri siku ya Ijumaa. Barua ya mkono haikukubaliwa, simu haikukubaliwa. Na maktaba ya karibu ilikuwa umbali wa kilomita hamsini na nne. Bibi Lempi, mwenye miaka tisini na mmoja, alikuwa akichukua vitabu sita kila basi lilipofika na kuvirudisha vyote vimesomwa, pamoja na orodha ya makosa ya waandishi.

Ijumaa mchana Sirkka Voutilainen aliingia ukumbini bila kuvua koti. Yeye alikuwa mwenyekiti wa chama, na kabla ya hapo alikuwa tarishi wa posta.

"Veikko, barua imetoka?"

"Bado. Kampuni ya mtandao imetufungia."

"Ulisema hivyo Jumanne."

"Na Jumanne walikuwa wametufungia, Mama Mwenyekiti. Mkaidi hachoki kwa siku tatu."

"Mimi sitaki habari za wakaidi. Basi la maktaba likifutwa, wewe ndiye utakayemweleza Lempi. Mimi nitakuwa nimejificha kwenye banda la kuni."

Veikko akamketisha na kumweleza. Seva, alisema, ni kama nyumba yenye milango mingi, na kila mlango una namba yake. Barua zinazokwenda na kutoka kwa seva nyingine hupita mlango wa ishirini na tano. Barua ambazo wanakijiji huandika majumbani mwao huingilia mlango wa mia tano themanini na saba. Akakaa mbele ya kisanduku chake, akabisha milango yote miwili kwa amri fupi fupi, na yote ikaitika papo hapo.

"Umeona? Milango yetu iko wazi kama kinywa cha mlevi. Uliofungwa ni wa kwao."

Akapiga simu kwa kampuni kwa mara ya tano wiki hiyo. Dada aliyepokea alikuwa na sauti ya upole na subira ya muuguzi. "Mzee wangu, kwetu hakuna kilichofungwa. Hizo barua zako hazijatufikia kabisa."

Veikko akakata simu. "Wamefundishwa kujibu hivyo."

Wakati huo mngurumo ulisikika nje. Veikko akachungulia dirishani, na macho yake yakametameta kama ya paka aliyeona mkia wa panya. Ng'ambo ya uwanja, Ilpo Karhunen alikuwa akichimba mtaro kwa katapila lake. Huyu ndiye Ilpo aliyemshinda Veikko kwa gramu mia mbili katika mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu, na Veikko hakuwa amesahau hata gramu moja.

"Nimempata!" alifoka, akatoka bila kofia. "Ilpo! Umekata waya wetu!"

Ilpo alizima katapila. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeyatumia kana kwamba yanakatwa kodi.

"Waya umepita upande ule," alisema, akionyesha vijiti vyekundu vya alama. "Mimi nachimba huku. Twende tukanywe kahawa."

"Sinywi kahawa na mkata waya!"

"Basi nitakunywa na yako."

Akashuka, akamtangulia Veikko kuingia ukumbini. Alipokwisha kujimiminia, akatoa simu yake na kufungua tovuti ya kijiji, ile iliyokaa ndani ya kisanduku kilekile. Picha za sherehe ya viazi zikajaa kwenye kioo.

"Waya mzima," alisema.

Veikko alikuna masharubu. Kampuni imekana, na waya haukukatika. "Basi itakuwa madoa ya jua yanavuruga mawasiliano," alisema. "Mwaka huu jua lina madoa mengi kupita kiasi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Sirkka aliweka kikombe chake chini kwa nguvu.

"Hebu niulize swali la mjinga. Ulipobisha hiyo milango, ulikuwa ndani ya nyumba au nje?"

"Ndani, bila shaka. Nilikuwa nimekaa kwenye seva yenyewe."

"Veikko wewe! Nimegawa barua miaka thelathini na miwili, kwenye theluji inayofika kiunoni. Mlango wa mtu haupimwi kutoka jikoni kwake. Mtu wa ndani hafungiwi. Toka nje ubishe!"

Veikko aliinuka kwenye kiti bila ubishi. Hilo lilikuwa jambo geni, hata Ilpo aliinua nyusi. Basi wakachukua kompyuta ndogo ya Sirkka, wakaiunganisha na simu ya Ilpo ili iwe kama mgeni anayetoka mbali, na Ilpo akabisha mlango wa mia tano themanini na saba. Kimya. Hakuna aliyesema "nani?" wala aliyesema "nenda zako." Kimya tu, kama nyumba ya mtu anayemkimbia mgeni mlaji.

Kila seva, kama nyumba, ina ukuta wake wa ulinzi, unaochagua nani apite na nani azuiwe, na ukuta huhesabu wote uliowazuia. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, Veikko aliifungua hesabu hiyo.

"Bisha tena," alisema taratibu.

Ilpo akabisha. Hesabu ikaongezeka.

"Tena."

Ikaongezeka tena. Wageni walikuwa wakifika salama mpaka kizingitini, na kizingitini ndipo walipomezwa. Veikko alifungua orodha ya amri za ukuta. Mistari ya milango ya barua haikuwepo, si ya kuingia wala ya kutoka. Mahali pake palikuwa na maneno haya: *Nimefagia. Mistari isiyo na kazi nimeitoa. V. H., siku ya msaragambo.*

Masikio ya Veikko yakawa mekundu kama beri za msituni.

Katika msaragambo wa Mei, siku ya kazi ya pamoja, Hirvasmäki hapakai mtu bure. Mwenye reki hukwangua majani, mwenye ndoo huosha madirisha. Siku ile mgongo ulikuwa unamuuma Veikko, na aliona haya kukaa huku Bibi Lempi amepanda ngazi na kitambaa. Basi akaifagia seva. Kila mstari asioukumbuka aliutupa. Seva ilikuwa ikifuata amri za zamani zilizokuwa kichwani mwake, na ingeendelea kuzifuata mpaka siku itakapolala. Jumatatu umeme ulipokatika, ikalala. Ilipoamka, ikaisoma orodha mpya na kuitii kama askari.

"V. H. ni nani?" Ilpo aliuliza, akitafuna mkate wa iliki.

"Nyamaza, mtu anafanya kazi!"

Vidole vya Veikko vikakimbia. Alirudisha mistari, akauamuru ukuta uisome orodha upya. Saa tisa kasoro dakika kumi na moja, barua ya basi la maktaba ilitoka. Watatu hao waliikodolea macho skrini. Saa tisa kasoro dakika sita jibu likaingia: *Tumepokea. Kituo cha Hirvasmäki kinabaki.*

Sirkka aliwakumbatia wote wawili kwa mpigo, jambo ambalo Hirvasmäki hutokea mara moja kwa kizazi.

Ndipo simu ya Ilpo ikalia. Barua zote zilizokwama tangu Jumatatu zilikuwa zikitoka kwa foleni, na kati ya hizo ilikuwamo moja ambayo Veikko alikiandikia kijiji kizima Jumatano akiwa na hasira. Ilpo akaisoma kwa sauti, bila haraka: "'Ndugu wanakijiji, msihangaike kumtafuta adui. Anaendesha katapila la manjano, na bila shaka ndiye aliyetukatia mawasiliano. Bila shaka alikusudia.'"

Ilpo akaweka simu mezani.

"Katapila langu ni la rangi ya machungwa," Ilpo alisema.

Sirkka aliangua kicheko mpaka akashika meza. Ilpo naye mabega yakaanza kumtikisika. Veikko hakucheka, alivuta kibodi na kukiandikia kijiji kizima barua nyingine: "Nilimsingizia Ilpo. Waya ni mzima, kampuni haina kosa, na jua halina hatia. Milango ya barua niliifunga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na basi la maktaba nusura niwapotezee. Nisameheni." Akaituma, nayo ikapita mlango wa ishirini na tano bila kuulizwa jina. Kisha akakaa karibu na Ilpo na kusukuma kikombe chake kitupu ajaziwe.

Wiki nzima alikuwa amemwinda adui kwenye kampuni, mtaroni na juani, kumbe adui alikuwa amevaa sweta lake. Kikulacho ki nguoni mwako.