Somo wa Mlima

Sogeeni jikoni, walaji wa viazi! Tumesogea, simulia!

Mji wa Kwembago ulikuwa na desturi: mtoto aliyezaliwa siku ya balaa alipewa jina la balaa hilo. Mto ulipofurika, mmoja aliitwa Gharika. Mwaka uliofuata zimwi la maji likabisha: "Hodi! Nimemfuata somo wangu." Likamchukua. Upepo ulipoezua mapaa, mmoja aliitwa Tufani. Zimwi la upepo likabisha: "Hodi! Nimemfuata somo wangu." Likamchukua.

Kisha mlima ukaporomoka, ukamfukia Shemdoe peke yake. Siku hiyohiyo mkewe, Hoza, akajifungua mtoto wa kiume. Akakataa kumwita Poromoko. Akamfunga mgongoni, akashika jembe kumfukua mumewe pamoja na majirani.

Zimwi la udongo halikungoja mwaka. "Hodi! Nimemfuata somo wangu."

"Umepotea njia, babu," akajibu Hoza. "Somo wako hayupo."

"Mtoto wa siku yangu ni wangu, labda awe na jina la mtu niliyekwisha kummeza. Jina moja silimezi mara mbili."

Majirani wakatazamana. Kwembago hawamrithishi mtoto jina la mtu aliye hai.

"Anaitwa Shemdoe," akasema Hoza.

Zimwi likacheka. "Shemdoe bado anapumua huku chini. Ukimrithisha mtoto jina lake, mume humpati tena."

"Nimesema anaitwa Shemdoe."

Zimwi likamwacha mtoto, likazama ardhini. Chini ya udongo sauti ya mwanamume ikaita, "Hoza!" mara moja tu. Majirani wakaweka majembe chini.

Nimefika mwisho. Anayetaka kulia, alie.