Mstari Uliopinda Shingoni mwa Chungu

Sogeeni, ila msinikanyagie udongo. Wale wageni wa juzi mmewaona wenyewe: wamekishika chungu changu, wakaona mstari uliopinda pale shingoni, wakakirudisha chini kana kwamba kina ugonjwa. Sikuwalaumu. Hawajui mstari huo ulikotoka.

Zamani, vyungu vya huku kwetu kando ya Ziwa Nyasa havikuchanjwa. Vilikuwa laini mwili mzima. Vilipakwa udongo mwekundu wa mlimani, kisha vikachorwa kwa udongo mweupe wa ufukweni. Kuchanja chungu kibichi ulikuwa mwiko, maana walisema kitapasuka motoni na kuwapasua wenzake.

Wakati huo aliishi mfinyanzi aliyeitwa Subilaga, fundi mwenye mdomo kweli kweli. Binti yake Tusekile hakuwahi kumaliza chungu bila kugombezwa: hapa pazito, hapa umelipua, hapa ulikuwa unawaza wanaume. Kisha macho ya Subilaga yakaingia ukungu, yakafa kabisa. Akipewa chungu alikizungusha mikononi akakuta ulaini mtupu, kwa kuwa rangi haishikiki kwa vidole. Basi alikirudisha akasema, "Kizuri, mwanangu." Kila siku kizuri, hata kilichokwenda upande. Mwisho akaacha kuja kibandani kwa wafinyanzi wenzake, na chakula akawa anakigusa tu. Tusekile akawa anamkumbuka mama yake ilhali yumo ndani, na hilo lilimuuma sana.

Siku moja akaokota gamba la konokono ziwani, akauvunja mwiko. Alichanja mistari kwenye chungu ambacho hakijakauka sawasawa, akakipaka nyekundu, akajaza nyeupe ndani ya michanjo. Alikichoma peke yake, mbali na vya wenzake. Majirani walisimama pembeni wakingoja kusikia kikipasuka, na wapo walioomba kipasuke. Kilitoka kizima.

Akamwekea mama yake mapajani. Subilaga akapitisha kidole taratibu, akazunguka tumbo la chungu, akapanda shingoni. Kidole kikasimama.

"We Tusekile! Hapa akili ilikuwa wapi? Umepinda! Ndivyo nilivyokufundisha?"

Tusekile akaangua kilio cha furaha. Asubuhi yake Subilaga alishikwa mkono mpaka kibandani, akawagombeza wote hadi jua likazama, na jioni akala akamaliza.

Na tangu siku hiyo, wafinyanzi wa huku huchanja kwanza ndipo wapake rangi, na pale shingoni huacha mstari mmoja umepinda makusudi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinigombeza humu humu kibandani mpaka nikamchukia. Sasa hivi nikifika shingoni naupinda mmoja, halafu naacha mkono hapo hapo, nasikiliza.