Bi Kanga Ataka Kuacha Mchwa

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Huko si kuitika, ni kupiga miayo. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni karibu. Hadithi ya leo inanitia hasira kila ninapoisimulia, na sitaki kuipigia kelele kwa mbali.

Hapo zamani, zamani sana, kanga walipokuwa bado wanaamkiana na nguchiro, palikuwa na kanga mmoja jike, Bi Kanga. Alitaga mayai kumi na mawili chini ya kichaka, akayaatamia. Mwaka uliotangulia mayai yake yote yalikuwa yamesombwa na maji, hakupata hata kifaranga mmoja. Safari hii akaapa, "Hawa nitawaona wakitembea."

Sasa, kuatamia ni njaa. Ukienda mbali kutafuta chakula, mayai yanapoa. Yakipoa, basi tena. Lakini si mbali na kichaka hicho palikuwa na kichuguu kikubwa, kimejaa mchwa wanono. Humo aliishi Bwana Nguchiro na mkewe.

Siku moja Nguchiro akamfuata Bi Kanga mpaka kiotani, mkia juu, maneno matamu.

"Dada, mbona unakonda hivyo? Jiunge na kichuguu changu. Siku saba za mwanzo unakula bure. Baada ya hapo, kila siku ya saba, mayai matatu tu."

"Na nikitaka kuacha?"

"Unaacha! Nani atakushika? Unakuja, unasema 'nimeacha', yamekwisha. Ukinyamaza nitajua bado unataka. Kunyamaza ni kukubali."

Bi Kanga akawaza moyoni, "Nitakula hizo siku saba za bure, kisha nitaacha." Akasema, "Naam." Neno moja tu hilo, akawa amejiunga.

Siku ya nne mvua ikanyesha. Si mnaijua mvua ya kwanza? Kumbikumbi huku, panzi kule, wadudu wakawa wanamfuata Bi Kanga mpaka mdomoni. Hakukanyaga tena kichuguuni. Akasahau. Ndiyo, akasahau! Wewe unayecheka hapo nyuma, wewe hujawahi kusahau?

Siku saba za bure zilipokwisha, Nguchiro akaja na kikapu, akachukua mayai matatu.

"We! We Nguchiro! Mimi sijala mchwa wako tangu mvua inyeshe!"

"Ulinyamaza, dada," akasema Nguchiro, akaenda zake. Yakabaki tisa.

Bi Kanga akatoka mbio mpaka kichuguuni. "Hodi! Nimekuja kuacha."

Mke wa Nguchiro alikuwa ameketi mlangoni akichokoa meno. "Kuacha anapokea bwana mwenyewe. Naye amesafiri."

"Lakini kujiunga alinifuata mwenyewe mpaka kiotani!"

"Kujiunga ni kujiunga, dada. Kuacha ni kuacha."

Bi Kanga akarudi mbio, akayakuta mayai yameanza kupoa. Akayalalia kwa hasira. Siku ya saba nyingine ikafika, na yule msafiri akatokea na kikapu chake. Bi Kanga akamwambia, "Nimeacha!" naye akajibu, "Kuacha ni mlangoni kwangu, dada, si hapa." Matatu tena. Yakabaki sita.

Bi Kanga akaenda mara ya pili. "Hodi! Nimekuja kuacha."

"Jamani, unatuacha? Tumekukosea nini?" Mke wa Nguchiro akajitia huzuni. "Basi tukupunguzie. Utoe mawili badala ya matatu, na tukuongezee kumbikumbi wa kukaanga."

"Sitaki mawili. Sitaki moja. Nataka kuacha!"

"Haya, usinipandishie sauti. Kalete unyoya uliokuwa nao mkiani siku ile uliyojiunga, tujue kweli ni wewe."

"Ebo! Si unaniona hapa?"

"Kukuona nakuona, dada. Ila utaratibu wetu ni unyoya."

Na unyoya wenyewe ulikwisha kunyonyoka! Bi Kanga akawa anautafuta majanini, anachakura kidogo, anarudi kulalia mayai, anatoka tena. Siku sita. Siku ya saba akauona umezama kwenye tope. Akaubeba mdomoni, mbio mpaka kichuguuni, mara ya tatu.

Mke wa Nguchiro akautazama unyoya. Akatazama na jua. "Lo, pole. Jua limeshavuka utosi. Kuacha kunapokelewa asubuhi. Rudi juma lijalo."

Bi Kanga akageuka aondoke. Ndipo akasikia mtu ndani ya kichuguu akicheka, kisha akajiziba mdomo. Alaa! Kumbe bwana hakusafiri popote. Siku zote yumo ndani, amejibanza, anasikiliza.

Jioni hiyo Nguchiro akachukua mengine matatu. Yakabaki matatu. Juma likikaribia kwisha, yakaanza kugonga. Ko, ko, ko. Watoto walikuwa wanataka kutoka.

Asubuhi ya siku ya saba Bi Kanga akamwita jirani yake, Kware. "Shoga yangu, nisaidie. Leo siendi peke yangu."

"Nenda, shoga," akasema Kware. "Mayai nitakulalia mimi."

Bi Kanga akawapitia Nungunungu na Mzee Kobe wawe mashahidi. Nungunungu alikuwa akitozwa viazi kila siku ya saba, naye alishachoka kufukuzwa mlangoni. Mzee Kobe alikuwa akitoa matango pori tangu enzi za babake Nguchiro.

"Na mchwa wenyewe unawala, mzee?" Bi Kanga akamuuliza.

"Mchwa?" akasema Kobe. "Mimi nakula majani, mwanangu."

Wakafika kichuguuni. "Bwana amesafiri," akasema mkewe kabla hata hawajapiga hodi.

"Vizuri," akasema Bi Kanga. Akaenda mpaka mlangoni, akapaza sauti ndani. "Nguchiro! Kuanzia leo mchwa wa kichuguu hiki ni wa ndege wote, bure. Kama hukubali, sema."

Kimya. Angesemaje, na amesafiri?

"Kanyamaza, kakubali," akasema Nungunungu.

"Nguchiro! Kuanzia leo kikapu chako hakitaonekana tena kwenye kiota cha mtu yeyote. Kama hukubali, sema."

Kimya. Mkewe akaanza kukohoa, kohoo kohoo, lakini ndani hapakutoka neno.

"Kanyamaza, kakubali," akasema Mzee Kobe.

"Nguchiro! Kuanzia leo kichuguu hiki ni nyumba yangu, na wewe na mkeo mtahama kabla jua halijavuka utosi. Kama huku..."

"Sikubali!" Nguchiro akachomoka vumbi tupu, macho mekundu. "Nyumba yangu! Sikubali, sikubali!"

"Karibu kutoka safari," akasema Bi Kanga. "Nimeacha."

"Unyoya uko wapi?"

"Nimeacha!"

"Kuacha kunapokele..."

"Nimeacha, Nguchiro! Asubuhi ndiyo hii, masikio yako ndiyo hayo, na mashahidi ndio hawa."

Nungunungu akasimamisha miiba yake yote. "Na mimi nimeacha."

"Na mimi nimeacha," akasema Mzee Kobe, "ingawa sikumbuki kuingia."

Nguchiro akatazama miiba ile, akarudi nyuma. Nyumba ilibaki yake, kwa kuwa alisema hakubali. Lakini mchwa na kikapu alivinyamazia, na kwa sheria yake mwenyewe vikamtoka. Ndege wakawa wanadonoa mlangoni pake, naye anatazama tu.

Bi Kanga hakungoja kuona hayo. Alikimbia kiotani. Kware akanyanyuka taratibu, asimtazame usoni. Vifaranga wawili walikuwa wamesimama, bado wamelowa. Yai la tatu lilikuwa baridi, halikuanguliwa. Lilikuwa limepoa mara nyingi mno, kwenye zile safari za mlangoni.

"Pole, shoga," akasema Kware.

Bi Kanga akawafunika wale wawili kwa mbawa. "Kumi na wawili, shoga," akasema. "Walikuwa kumi na wawili. Na mimi niliita nikiwa mlangoni pake, nikamwambia sitaki, nikamwambia tena sitaki." Akalia mpaka vifaranga wakalala.

Basi shikeni hili. Kabla hujasema naam, uliza pa kutokea, tena uoneshwe kwa macho. Na wewe mwenye mlango, ukimpokea mtu kwa neno moja, umruhusu kwa neno moja. Ukimzungusha ni mwizi tu, hata uwe na kikapu kizuri namna gani.

Hadithi yangu imekoma. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.