Fisi Aliyehesabu Midomo

Nipeni masikio niwape Fisi, mkimchoka, mtanirudishia.

Mwaka huo jua liliwaka hadi mto ukabaki mchanga mtupu. Desturi ya wanyama wakati wa kiangazi ilikuwa moja: kila alfajiri hufukua kisima katikati ya mto, Ngiri kwa meno, Mhanga kwa kucha, Fuko na ukoo wake kwa viganja, kisha wote hunywa. Fisi pekee alikuja kiuno kinamuuma. Wakati wa kunywa kiuno kilipona.

Basi Fisi akaenda kwa Simba, mfalme apendaye sifa kuliko nyama. Akamweleza kwamba maji ni haba kwa sababu midomo imezidi, na kwamba mfalme mwenye akili hupunguza raia. Simba aliona hesabu imekaa vizuri, maana yeye hesabu anayoijua ni ya kutoa. Siku hiyohiyo Fuko akafukuzwa na ukoo wake wote.

Fisi naye akajibanza kichakani, njia wanayopita wafukuzwa, mate yanamtoka. Roho mbaya haina likizo. Akangoja mpaka jua likazama, kumbe fuko husafiri chini kwa chini.

Kesho yake maji yakapungua. Fisi akasema bado tumezidi. Wakafukuzwa Ngiri na Mhanga; kichakani Fisi akawarukia, akaambulia teke la taya. Maji yakapungua zaidi. Sasa ikawa zamu ya Sungura, naye ndiyo kwanza amejifungua, watoto bado wananyonya. Huko nje wasingefika mbali, na mama yao alilijua hilo. Aliogopa, lakini ulimi haukutetemeka.

"Mfalme wangu, nitakwenda na wanangu," akasema. "Ila kesho tukae kando sote, Fisi afukue, mnywe wawili tu. Midomo miwili, si mtaogelea?"

Simba akafurahi. Fisi akashika kiuno.

Asubuhi Fisi akaanza. Akitoa mchanga huku, unamwagika kule. Jua la utosi likamkuta ndani ya shimo hadi masikio, na tone hakuna. Simba alikaa ukingoni, ulimi nje, hasira zimempanda.

"Maji yako wapi?"

"Mfalme, nadhani bado tumezidi."

Simba akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Tumezidi nani na nani?"

Sungura akasogea, watoto wamemshika mkia. "Mfalme, Fisi alihesabu midomo, akasahau kwamba kila mdomo ulikuja na mikono yake."

Simba aliona haya, ingawa hakusema. Akamtuma Sungura awaite waliofukuzwa. Wakarudi na jamaa zao, wengi kuliko walivyoondoka, wakafukua, na kabla ya jioni maji yakachuruzika, Sungura akanywa, watoto wake wakanyonya wakacheua. Fisi akapangiwa kufukua wa kwanza na kunywa wa mwisho, na tangu hapo kiuno hakijamuuma tena.

Wahenga hawakukosea: kidole kimoja hakivunji chawa.