Mnara wa Kengele Uliozibwa Magharibi

Sogeeni, jamani, hadithi yenyewe ni fupi. Kengele ya shamba la mkonge ilitundikwa mtini, na bila mlio wake nyapara hakumruhusu mtu kwenda kula. Fundi Mbelwa akaijengea mnara wa mawe wenye madirisha mashariki, kaskazini na kusini. Magharibi akaziba. Huko ndiko ilikokuwa nyumba yake, na mkewe, Mwanamvua, alikuwa amefariki.

Kengele ikapandishwa, ikavutwa, isilie. Zimwi lilikuwa limeikumbatia.

“Kengele huita pande zote,” likasema. “Fungua magharibi.”

“Huko hakuna mtu.”

Ikavutwa tena, kimya.

“Fungua, fundi.”

“Nimekwambia hakuna mtu.”

Mara ya tatu, watu walikuwa wanaanguka kwa njaa shambani. Zimwi likacheka. “Fundi gani wewe, unaogopa nyumba uliyoijenga mwenyewe?”

Mbelwa akashika patasi, akatoboa ukuta. Zimwi likatoka hapo hapo, na kengele ikalia.

Watu wote wakaenda kwao. Yeye akabaki juu peke yake, akitazama ua wake. Kuku wa Mwanamvua walikuwa wakikimbilia mlango wa jikoni, kwani kengele ikilia ndipo alipokuwa akiwamwagia pumba. Wakasimama pale, wakingoja.

Mbelwa akashuka kwenda kuwalisha. Nami namwacha mlangoni pake; tusimfuate ndani.