Jina la Binti wa Tunu

Sogeeni. Hadithi hii kila ninapoisimulia watu huondoka wamenuniana, kwa hiyo msije mkanilaumu.

Walikuwepo wauguzi watatu katika wodi moja ya wazazi. Leokadia alijaliwa mikono, Mwanjaa alijaliwa moyo, na Koku alijaliwa miguu isiyochoka. Akaja Tunu kujifungua, na kadi yake ya kliniki ilionyesha kuwa ana virusi vya UKIMWI.

Leokadia akavaa glovu mbili mbili, akakunja uso. "Unajijua una virusi, na mimba ukabeba?" akasema, wodi nzima inasikia. Lakini mtoto alipotoka hapumui, na mama damu inamwagika, mikono hiyohiyo ndiyo iliyomzindua mtoto na kuizuia damu. Wenzake walikuwa wamekwishakata tamaa.

Kwa aibu ya yale maneno, Tunu akakunja kanga zake aondoke kabla mtoto hajaanza dawa ya kumkinga. Mwanjaa akaketi kitandani kwake, akanywa uji katika kikombe cha Tunu. "Mdogo wangu, ukiondoka leo utakuwa unamkomoa nani?" Tunu akacheka, akabaki. Kisha Mwanjaa, kwa huruma tu, akamnong'oneza mama mkwe wa Tunu aliyekuja kuwachukua: "Mtunzeni, ana virusi." Tunu alirudi nyumbani akakuta sahani yake imetengwa peke yake, na mume amehamia kwa kaka yake.

Hakutaka tena kuiona hospitali. Koku akamfuata kwa miguu, kila siku, wiki sita, mpaka mtoto akamaliza dawa. Siku moja mvua ilimzuia huko, saa yake ya dawa ikafika, akatoa vidonge mkobani akameza. Tunu alivijua, maana ni vilevile anavyomeza yeye.

"Tangu lini, dada?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Na siku ile natukanwa, ulikuwa umesimama pale."

"Nilinyamaza wasije wakanijua," Koku akasema, akainama.

Wiki ya sita Koku akawarudisha wodini, mtoto akapimwa, akakutwa hana virusi. Leokadia akambeba kwa mikono mitupu, akambusu. Tunu alipomnyooshea mkono kumshukuru, Leokadia akautia wake mfukoni. Mwanjaa alikuwa analia, akiomba radhi. Koku alisimama nyuma yao.

Tunu alikuwa hajampa binti yake jina. Aliogopa kumpa kabla ya kujua. Na kwao, aliyekuokolea mtoto ndiye somo wake, na mtoto huchukua jina lake mpaka uzeeni. Karani wa hospitali akashika kalamu na kadi ya mtoto. "Haya mama, aitwe nani?"

Msiniambie majina yote matatu, kadi ina mstari mmoja. Wala msiseme asimpe yeyote, maana angekosekana mmoja tu kati yao, tusingekuwa na mtoto huyu mzima wa kumpa jina. Ninyi mngekuwa Tunu, ni jina la nani mngeweza kuliita kila asubuhi, maisha yenu yote, bila roho kuuma?